Oili Chafu Kwenye Mwasumini wa Mama

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuficha bibi atausimulia, na yeye huongeza chumvi. Siku ya pili ya likizo nilimwaga ndoo nzima ya oili chafu ya magari, lita ishirini, kwenye magugu ya uani kwetu ili nisiyang'oe kwa mkono. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikajishika kiuno, nikaona wataalamu wote wa kilimo nchini wamelala usingizi.

Nyumba yetu ni moja ya zile chache za chini zilizobaki Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani. Maghorofa yametubana pande zote, kiasi kwamba jua linaingia kwetu saa tano na saa nane limeshaondoka, kama mwalimu wa tempo mwenye vipindi viwili tu. Huko uani kulikuwa na magugu ya kufika kiunoni, na katikati ya magugu rejeta mbovu za baba, zile za kupooza injini za magari. Baba alikuwa fundi rejeta kwenye gereji za mtaa wa Gerezani. Kila rejeta iliyomshinda aliileta nyumbani na kusema ataishughulikia akipata nafasi. Hakushughulikia hata moja. Mwezi wa tatu akafariki. Nimejaribu kuitafutia sentensi hiyo kichekesho na sijapata.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Uani angeweza kutoka, maana uani ni nyumbani. Hakutoka. Alikaa chumbani, sahani inaingia imejaa na inatoka imejaa, dirisha lake moja linatazama magugu. Mimi kilichonitisha zaidi ni kwamba hakunigombeza. Na mimi ni mtu wa kugombezwa, ndiyo kazi yangu pale nyumbani. Nilipeleka ripoti ya shule yenye hesabu ya aibu na maneno ya mwalimu kwamba mimi ni "mcheshi kupita kiasi". Nikasimama mlangoni nimejiandaa. Mama akasema, "Haya, weka hapo." Nililia chooni, na ukimwambia mtu nitakana.

Ndipo bibi, mama yake mama, aliyekuja kukaa naye, akaniita jikoni.

"Mama yako anazama, na wewe kutwa unakodolea simu. Kausafishe ule uani apate pa kukaa. Mtu anataka kuona mbingu."

"Bibi, mbingu yenyewe hapa kwetu ni kipande."

"Basi akione hicho kipande. Ondoka."

Nilikwenda Gerezani kuazima jembe kwa rafiki wa baba, aliyekuwa akifanya naye kazi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka.

"Jembe la nini, mwanangu? Chukua oili chafu hiyo, mwaga. Hata mchwa hatakanyaga tena."

Alikuwa anasema kweli kabisa. Hakuna kilichokanyaga tena.

Siku ya tatu baada ya kumwaga, magugu yalilala chini, meusi, na harufu ikapanda. Mama, ambaye hewa yake yote duniani ilikuwa dirisha lile moja, alilifunga. Nilisikia komeo. Bibi akatoka na kitambaa puani.

"Umetuletea gereji mpaka ndani?"

Nilikuwa na jibu zuri tu, lakini sikulitoa, kwa sababu bibi alikuwa ameganda akitazama ukuta wa bafu. Magugu yalipolala, kilionekana kilichokuwa nyuma yake: kijiti cha mwasumini, kimesimama kwenye kidimbwi cha oili yangu, majani yamejikunja.

"Huu aliupanda baba yako mwaka waliooana," bibi akasema, taratibu, na bibi akisema taratibu ujue umekwisha. "Juzi mama yako kaniuliza kama bado upo. Tangu msiba hajaniuliza kitu kingine chochote. Hicho tu. Nikamwambia mjukuu wangu anasafisha, utauona."

Likizo yangu ikaishia hapo. Nilikuwa nimepanga mpira na kulala. Badala yake nilichimba. Oili ilikuwa imezama kiasi cha shubiri mbili, nami nikachota udongo ule mweusi kwa karai na kuujaza kwenye viroba. Kwenye ghorofa la jirani kuna stoo za vitambaa, na vijana wake walipanga viwiko madirishani.

"Dogo! Unatafuta tanzanite?"

"Natafuta akili zenu, mlizidondosha jana!"

"Ukizipata leta, tugawane!"

Tulicheka wote. Halafu nikatazama juu tena, nikahesabu madirisha, nikaelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa siku ya kwanza: hata uani ungekuwa bustani ya ikulu, mama asingekaa chini ya macho yale. Nikalitoa turubai kuukuu ambalo baba alikuwa akifunikia vitu vyake, nikalifunga kutoka kona ya bafu hadi jikoni, upande wa ghorofa tu, ili kipande chetu cha mbingu kibaki. Wale vijana walizomea kidogo. Mmoja wao, Mungu ambariki, akashuka kunishikia ngazi.

Shida ikawa udongo. Kariakoo unapata kila kitu, mpaka jino la bandia na honi ya gari la kizungu, lakini udongo hupati. Nilimpata mzee muuza miche, mtaa wa Upanga, kando ya barabara. Nilimwagilia miche yake siku nne, naye akanijazia viroba sita vya udongo na samadi. Msukuma mkokoteni aliyenisaidia kuvileta aliuliza vina nini.

"Udongo."

"Unanunua udongo? Huku si tunaukanyaga bure?"

"Wetu umeshiba oili."

Alinitazama kama mgonjwa, akaendelea kusukuma.

Rejeta sikuzitupa. Nilizikwaruza kutu, nikazisimamisha mstari mmoja, zikawa ukingo wa kitalu. Nikapanda mchicha na mrehani, miche aliyoniongezea yule mzee. Nikatandaza kokoto pale maji ya bafu yanapotuama. Kusema kweli palipendeza. Harufu nayo ikapungua, na asubuhi moja nikaona dirisha la mama limefunguliwa kidogo, pazia likipumua.

Mwasumini pekee ndio ulionigomea. Niliuhamishia kwenye udongo mpya, nikaukata majani yaliyoungua, nikaumwagilia, nikausemesha pia. Kijiti kikabaki kijiti. Kila jioni bibi alitoka, akakitazama, akarudi ndani.

Zilibaki siku tano shule ifunguliwe. Nikasimama chini ya dirisha nikasema, "Mama, mwasumini umechipua."

Sauti ikatoka ndani: "Kweli?"

Lilikuwa neno moja, lakini lilikuwa na sauti yake ya zamani ndani yake. Ningesema nini? Nikasema, "Wallahi," na hiyo wallahi inanikaa kooni hadi leo. Nikakimbia Upanga, nikamwomba yule mzee tawi la mwasumini. Akaninyofolea tawi dogo lenye majani manne. Nilirudi, nikachukua uzi mweusi kwenye kikapu cha cherehani, nikalifunga tawi kwenye kijiti kikavu, fundo likaangalia ukutani. Ukisimama mbali ungeapa limeota lenyewe.

Kesho yake, baada ya alasiri, mlango wa uani ulifunguka na mama akatoka. Alikuwa amekonda. Alisimama akilitazama turubai, halafu kokoto, halafu rejeta za baba, moja moja hadi ya mwisho, na akaigusa ile ya mwisho kwa ncha ya kandambili. Bibi alisimama jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa najiombea mvua, moto, tetemeko, lolote.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye mwasumini. Tawi langu lilikuwa limeshaanza kulegea. Akalishika kwa vidole viwili, akalizungusha, fundo likaja mbele. Akakikwaruza kijiti kwa ukucha: kikavu, rangi ya njiti ya kiberiti. Aliinama hapo muda mrefu, na mabega yake yalitikisika, sikujua kama ni kilio au nini.

Kisha akageuka, akanitazama usoni.

"Uzi wenyewe wangu, na dirishani nilikuwa nakuona tangu unaufunga, mwongo mkubwa wewe. Kalete kibao nikae."