Ng'ombe Waliokwenda Dipu

Ukitaka kumfurahisha baba yangu, usimuulize habari ya watoto wake. Muulize habari ya madume. Atakuvutia kiti, ataagiza chai (hapiki, anaagiza), kisha ataanza na babu, aliyeleta dume la kwanza kwa miguu kutoka Loitokitok, dume jekundu ambalo njiani lilimpiga simba. Nikiwa darasa la pili simba alikuwa mmoja. Nilipofika sekondari walikuwa watatu, na mmoja wao ana mimba. Katika hadithi yote hiyo hakuna mwanamke hata mmoja, isipokuwa huyo simba jike.

Ranchi iko kati ya Kitengela na Kisaju. "Ranchi" ni neno la baba. Majirani walisema boma. Lakini haki yake nampa: babu alizalisha madume ya mbegu, baba akaendeleza, na watu walitoka Ngong na hata Oltepesi kuja kununua kwetu.

Katikati ya miaka ya tisini baba aliuza kipande cha shamba kando ya lami, pale ambapo leo kuna duka la vigae na choo cha kulipia, akanunua dume jeupe. Ukweli usemwe, lilikuwa zuri. Nundu imesimama, shingo nene, ngozi inang'aa. Baba akalipeleka maonyesho Kajiado, akarudi na utepe wa bluu wa ushindi, akaupigilia msumari ukutani juu ya picha ya harusi. Ulining'inia mpaka ukafunika nusu ya uso wa mama. Hakuna aliyeusogeza.

Shida ilikuwa moja tu. Dume halikupanda. Ng'ombe wanalisimamia, wanalilia, lenyewe linanusa, linainua kichwa, linarudi kwa chumvi yake. Mchungaji wetu, mtu mzima aliyefanya kazi tangu enzi za babu, alimwambia baba wazi, "Mzee, huyu hajui kazi." Alifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Baba akatutangazia kwamba dume la damu safi lina haya, haliwezi kufanya mambo yake mbele ya watu.

Mama naye akajaribu. "Baba watoto, mwaka unaisha na hakuna ng'ombe hata mmoja ako na mimba."

"Tangu lini mwanamke akafundisha dume kazi?" baba akasema, na akanuna wiki nzima. Alikula ugali akiangalia ukuta.

Nyinyi mnaojua ng'ombe kwa pakiti ya maziwa, hebu niwaeleze. Bila ndama hakuna maziwa. Bila maziwa hakuna chai wala karo, na bila madume machanga ya kuuza, jina lote la ranchi limekwisha. Mama alikuwa amewakamua ng'ombe wale, na mama zao, tangu aolewe. Hakuwa tayari kuwaona wakiishia buchani kwa sababu dume la bwana lina haya.

Basi ng'ombe wetu wakaanza kwenda dipu, lile josho la dawa ya kupe. Asubuhi ng'ombe akianza kulia na kuwapanda wenzake, ishara kwamba anataka dume, mama anachukua fimbo, anaongeza wawili wa kumsindikiza, anamwambia baba, "Napeleka hawa dipu, kupe wamezidi." Dipu ilikuwa karibu tu. Mama aliipita bila kuiangalia, akaendelea saa tatu nzima hadi kwa kaka yake upande wa Isinya. Huko kulikuwa na dume jekundu lenye sikio lililochanika, lisilojua utepe wa bluu ni nini. Hilo lilijua kazi.

Na ng'ombe hangoji. Joto lake ni la siku moja, likipita limepita. Kwa hivyo mama alikwenda siku yoyote, kwa jua, kwa yale matope meusi ya Kitengela yanayokuvua kiatu, hata akiwa na mimba ya kitindamimba wetu. Wakati wa likizo nilimsindikiza. Siku moja nikamuuliza kwa nini tusimwambie baba tu.

"Baba yako ni mtu wa heshima," akasema. "Akijua, atavunjika."

Ndama wakaja, wote wekundu. Majirani walimwangalia baba, baba akawaangalia ndama. "Mnaona?" akasema. "Damu ya dume la babu imerudi!" Miaka mitano damu ya babu ilirudi bila kukosa, na sisi tukawa boma lenye ng'ombe wanaoogeshwa kuliko wote Kajiado nzima. Ukame wa mwaka elfu mbili ulipokuja, wekundu wale walivumilia, na baba akasifiwa kwa kuona mbali. Lile jeupe lilikufa. Baba alilia kabisa. Mimi niliila nyama yake, ilikuwa ngumu, lakini niliila.

Mwaka wa elfu mbili na tano hivi baba akataka historia ya ranchi iandikwe kwa karatasi nzuri, wateja waisome wakingoja chai. Mimi ndiye nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta. Akakaa sebuleni akinisomea, nami nikiandika kwa kalamu ili nikapige chapa kwenye kompyuta za saiba ya Kitengela. Babu, simba, Loitokitok. Kisha: "Dume jeupe, baba wa madume yetu yote ya leo."

Kalamu ikasimama. "Baba, hapo uko na uhakika?"

Akachungulia upande wa jikoni, akapunguza sauti. "Andika vile nimesema."

"Lakini..."

"Mweupe azae wekundu miaka mitano? Mwenye macho haambiwi tazama. Na ni dipu gani hiyo, ng'ombe anarudi jioni bila hata harufu ya dawa?"

"Kumbe ulijua!"

"Tangu ndama wa kwanza."

"Na ukamwacha atembee? Hata na mimba?"

"Sasa ningefanya nini?" akasema, kama mtu anayeonewa. "Nikisema najua, itabidi niseme dume langu ni bure. Na mama yako anapenda kutembea."

Nilitaka kumrushia kalamu usoni. Mtu huyu alikuwa na pikapu! Miaka ile yote alipanda pikapu kwenda Kajiado kwa mikutano ya kamati ya maonyesho, akampita mke wake barabarani na ng'ombe watatu, akampigia honi, akampungia mkono. Nilikuwepo. Nilimpungia pia.

Niliandika vile alivyosema. Naona aibu kusema hivyo, lakini niliandika, mpaka nukta ya mwisho.

Jikoni mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, kwa sababu magoti yale siku hizi hayakunjiki. "Mmemaliza?" akaniuliza. "Amesema dume jeupe ndilo lilizaa wote?"

"Amesema."

Akacheka kwa furaha, akajifunika mdomo na leso baba asisikie. "Maskini," akasema. "Miaka hiyo yote, na hajui kitu."

Nikabandika maji ya kumkanda magoti.