Vitufe vya Usukani na Mama Mkwe wa Nyanungu

Miaka ile dhahabu ilipokuwa inatoka, Tarime ilikuwa na magari mengi kuliko barabara. Kijana alishuka duarani, shimo la machimbo, na kandambili, duara likitema dhahabu, mwezi haujaisha anapita mitaa ya Nyamisangura na gari lake, kioo ameshusha ili tumwone vizuri. Baada ya gari alitaka redio ya skrini. Hapo ndipo alipokutana na mimi.

Nilikuwa fundi wa redio za magari. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka tulipobaki peke yetu, mimi na wadogo zangu watatu. Wateja walikuwa wakifika wananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Ametoka. Nimebaki mimi ninayejua kazi."

Mmoja wao nilimpenda kwa uoga wake. Shimoni alikuwa haogopi kitu, anashuka kwa kamba huku anapiga mluzi. Aliyemwogopa ni mama mkwe wake wa kule kijijini Nyanungu. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe mkono wala hamtazami usoni, na akiwa na neno humtuma mkewe, hata kama wote wako hapo hapo. Sasa Jumamosi alitakiwa amlete mama huyo mjini, na kwa kuwa mama akikaa nyuma hutapika, angekaa mbele.

"Dada, umeniua," akaniambia. "Hii redio yako, vitufe vya sauti viko upande wa abiria."

Ni kweli. Redio zile zimetengenezwa kwa watu ambao usukani wao uko kushoto. Kwetu dereva akitaka kupunguza sauti, mkono wake unaishia karibu na magoti ya mwenzake.

"Si uizime kabla hajapanda?"

"Niendeshe gari lenye skrini likiwa kimya? Atasema nimeazima. Usukani si una vitufe vyake? Mbona vimekufa?"

Vilikufa mikononi mwangu. Nilipotoa redio ya zamani ya gari niliona nyaya mbili nyembamba, nikadhani hazina kazi, nikazifunga tepu nyeusi. Nikafungua tena dashibodi, nikaziunga kwenye redio mpya. Baada ya hapo redio hufundishwa: unabonyeza kitufe cha usukani, unakishikilia, unagusa alama yake kwenye skrini. Menyu yote ilikuwa ya Kichina, tukaenda kwa kubahatisha mpaka vitufe vyote vikatii. Muda wote huo bwana yule alikataa kuzima gari. Alitaka wapita njia wasikie injini.

Jumamosi mchana nikasikia muziki kabla sijaliona gari. Lilisimama mbele ya benchi langu likitetemeka. Mbele amekaa mama wa makamo, mkoba mapajani, uso haujasema chochote. Nyuma mke wa jamaa, mtoto mikononi, anacheka ndani ya khanga. Mwenyewe akaruka nje.

"Vimesahau! Vyote!"

"Ulifanya nini?"

"Nilizima gari tu! Mkwe anaingia na gari mpaka uani? Nilizima kule njiani, nikasimama juani mpaka nikaitwa. Kuwasha, vitufe kimya, sauti juu."

"Na mkeo?"

"Namwambia amwombe mama apunguze, anacheka tu. Eti mama hajalalamika."

"Mkono wako je, mura, kijana mzima?"

"Nimguse mama mkwe magoti? Bora nirudi shimoni."

Nikaelewa kosa langu. Redio ina waya wa njano unaotakiwa kupata umeme wa betri wakati wote, maana ndio unaotunza kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimeupeleka kwenye swichi ya kuwashia gari pamoja na ule mwekundu, kwa hiyo gari likizimwa, redio inasahau masomo yote.

"Shikamoo, mama. Naomba nipitishe mkono."

"Marahaba. Pitisha, wewe si mtoto wa kike?"

Nikauhamishia waya wa njano kwenye umeme wa betri, bega langu likiwa magotini kwake. Mkwewe alikuwa amesimama nyuma ya gari, anakagua tairi kana kwamba limetoka na dhahabu. Nilipomaliza nikamwita akae kwenye usukani. Akabonyeza alipoambiwa, shingo ameigeuzia dirishani, mimi nikawa nagusa skrini.

"Zima gari," nikamwambia. Akazima. "Washa." Akawasha. Nikamwambia arudie, mara ya pili na ya tatu. "Sasa punguza."

Akabonyeza kwa kidole gumba. Sauti ikashuka taratibu mpaka tukamsikia mtoto akikoroma. Jamaa akashusha pumzi.

Mama akasema bila kugeuka, "Binti yangu, muulize mwenye gari, mbona ameshusha? Wimbo ule nilikuwa nimeanza kuushika."

Mke akafungua mdomo kupeleka ujumbe. Mumewe alikuwa ameshabonyeza mara mbili kupandisha sauti, macho bado dirishani, masikio yamemwiva.