Kidude cha Nyimbo Kisicho na Wimbo

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Kaka yangu alijua hivyo, na bado akaniachia mimi gemu zake, kati ya watu wote wa boma letu. Sijui kama aliniheshimu au alinionea.

Shangazi yetu, nesi huko ng'ambo, alikuwa ametutumia zawadi mbili: mashine ya gemu ya kushika mkononi, na kidude chembamba cha kusikilizia nyimbo. Memori kadi ya ile mashine ilikuwa ndogo, gemu mbili tu imeshiba. Kidude cha nyimbo nacho kilikuwa na nafasi ya ajabu. Jamaa wa saiba, lile duka la intaneti pale Kaplong, aliyetoka kule ziwani kutafuta maisha, ndiye aliyetuonyesha kwamba ukikiunga kwa kompyuta kinageuka ghala. Gemu hazikuchezwa humo, zililala tu. Tukitaka nyingine, tulishuka Kaplong akatuhamishia kwenye kadi, tukapanda nyumbani tukicheza njiani. Kaka alibonyeza, mimi nilimwambia adui anatokea wapi. Hatukuwahi kugombania zamu, kwa sababu peke yake alikuwa akishindwa, na mimi vilevile.

Alipomaliza darasa la nane ikafika zamu yake ya kuingia jandoni. Kwetu Wakipsigis, kijana akishaingia huko hamwoni mwanamke yeyote, si mama wala dada kama mimi, na hakuna salamu inayotumwa. Karibu na siku yenyewe ile kadi ikaanza vituko, leo inasoma, kesho inakataa. Tukakimbia saiba, gemu zote zikahamishiwa kwenye kidude, pamoja na kumbukumbu za pale alipokuwa amefika.

"Mkiweka hii kwa kompyuta ingine," jamaa alituambia, "itauliza kama ifute kila kitu ndio iweke nyimbo. Mkisema ndiyo, zimeenda."

"Umeskia?" kaka akaniambia. "Usipee mtu. Nikirudi tunamaliza ile ya mwisho."

Akaingia jandoni, nami nikaanza kuteseka. Ubaya wa kidude kile ni kwamba chenyewe hakikujua kimebeba gemu. Ukikiwasha, kiliandika kwamba hakuna wimbo hata mmoja, basi. Nilikuwa nakilinda kitu nisichoweza kukiona. Ndani mlikuwa na kitu kinachozunguka, nikikiweka sikioni nasikia kinagongagonga, na kila kishindo kilinikata maini. Nilikifunga kwa sweta, nikakitoa nikihofia joto, nikakifunga tena.

Siku moja nilikuwa nachuma chai, nikasikia mama ameenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya na amebeba kidude changu. Alikuwa amekiwasha, akaona kitupu, akafikiri ni vizuri mwalimu wa kwaya amwekee nyimbo za Krismasi ajifunzie jikoni. Niliacha kikapu pale pale kati ya mistari ya chai na kukimbia na gamboti zangu, matope hadi magotini.

Nilikuta waya umeshachomekwa kwenye laptopu, na swali lenyewe liko kwenye kioo. Mwalimu alikuwa akilisoma taratibu.

"Mwalimu, tafadhali, bonyeza hapana," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayezama.

Wanakwaya wote walinigeukia. Mama aliona haya. "Ni nyimbo tu, tena za Mungu," akasema. "Zitakula nini humo ndani?"

"Kuna vitu vya kaka."

Mama hakuwa akimtaja kaka siku zile, lakini kila jioni alisimama nje akitazama upande ule wa msitu alikokuwa. Akamwambia mwalimu, "Basi toa. Uache vile iko."

Hata hivyo sikupata amani mpaka niliposhuka Kaplong, jamaa wa saiba akafungua na kunionyesha. Zote zilikuwepo. Nilimwomba anionyeshe tena, akacheka, akanionyesha.

Siku ya vijana kutoka jandoni watu walijaa bomani, kukawa na chai, nyama na nyimbo. Kaka alikuwa amekuwa mrefu, au labda ni namna alivyosimama. Hakuingia tena jikoni. Alikuwa na nyumba yake mpya pembeni, humo ameketi na wenzake wa rika. Nilisimama nje ya mlango, maana sikuwa na ruhusa ya kuvuka. Akatoka, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni.

"Gemu zako ziko zote," nikamwambia. "Hata hiyo ya mwisho, pale ulifika."

Alikitazama kidude kiganjani mwangu. Nilidhani atakichukua. Nyuma yake wenzake walikuwa wakisikiliza.

"Hizo ni vitu za watoto," akasema kwa upole, bila kunitazama machoni. "Futa tu."

Nikasema sawa. Akarudi ndani, nami nikaenda nyuma ya zizi nikalia, hasira na huzuni pamoja, mpaka mama akanikuta. Alikiona kidude mkononi mwangu akashtuka.

"Zimepotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Ziko zote."