Sampuli ya Tatu

Vita vilipoingia Goma, mke wangu alikuwa huko akimuuguza mama yake, nami nilikuwa nyumbani Kampemba, Lubumbashi, nikitafuta uhai kwenye sayari za kompyuta. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Uwanja wa ndege ulifungwa, mtandao wa simu, ambao hapa tunauita rezo, ukaanza kukatika, simu ya mke wangu ikawa haipatikani, na mimi sikuweza kukaa kitako. Nilifagia ua uliokwisha fagiliwa. Nilitoka hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena. Mtu akiniuliza habari gani, nilitamani kumzaba kofi.

Mchezo wenyewe ni wa mtu asiyetulia. Unaruka na chombo chako kutoka nyota hadi nyota, na ukifika orodha ya sayari inajitokeza. Nyingi hazina maana: barafu tupu, gesi tupu. Unatafuta ndogo, ya mwamba, yenye hewa nyepesi na baridi isiyozidi mno. Ukiipata unaipima kutoka juu, ramani inakuonyesha penye dalili, kisha unatua na kushuka kwa miguu kutafuta mimea. Lazima upate sampuli tatu za mmea uleule, kila moja mbali na mwenzake. Ukitoka kabla ya kupata ya tatu, umepoteza zote.

Baba yangu aliishi nami na alipenda kuangalia. Alikuwa ametumia ujana wake kutafuta shaba porini, mpaka kampuni ya migodi iliyomwajiri iliposambaratika na kumwacha mikono mitupu. Kwake hii ilikuwa kazi ileile. Kwetu Katanga, penye shaba nyingi miti haimei. Unakuta kilima kina upara katikati ya msitu, kimebaki na maua madogo yanayovumilia shaba, na hapo ndipo wanapochimba. Basi kila nilipotua, mzee alinyoosha kidole mahali patupu kabisa.

"Enda kule, papa. Fasi miti inakataa, njo kule iko kintu."

Papa ndivyo alivyoniita, mimi mwanawe. Nilimweleza kwamba hapa tunatafuta mimea, si shaba. Alinijibu kwamba ua nalo ni mmea, kwani sikusoma? Tulimaliza mchana mzima tukizunguka mawe kwa ajili ya ubishi huo, na nakiri kwamba ni saa hizo tu nilizoweza kupumua.

Ila mchezo ulihitaji intaneti, na intaneti ilitoka kwenye simu yangu. Kama watu wengi wa hapa nilikuwa na sim mbili za mitandao tofauti: moja ya kupigiwa, ambayo namba yake mke wangu aliijua kwa kichwa, na nyingine ya megabaiti za bei nafuu. Simu ilikuwa imebaki na tundu moja zima la sim. Nikitaka kucheza nilitoa ile ya kwanza, nikaibandika kwa selotepu ubavuni mwa kompyuta isipotee, nikaingiza ya pili. Nusu saa tu, nilijiambia kila mara.

Siku moja asubuhi alikuja mjomba wa mke wangu, Mnande anayeuza bidhaa kwa jumla katika mtaa wa Kenya hapahapa mjini. Hakukubali hata kuketi.

"Mukwe, akikuita, umuambie asipitie njia ya Butembo. Kule banapigana. Avuke Gisenyi na mama yake. Muntu wetu iko anabangojea ku mpaka, na gari."

Nilishika simu mkononi mpaka saa saba mchana. Ilinyamaza. Ngozi iliniwasha mwili mzima, miguu ilikataa kutulia. Umeme ulikuwepo. Nikabadilisha sim.

Na sayari niliyoipata ilikuwa nzuri kuliko zote: hewa nyepesi, mawe mekundu, dalili karibu kila upande. Sampuli mbili nilizipata upesi. Ya tatu ikanizungusha. Nilikumbuka simu, nikapeleka mkono kuzima.

"Ngoja, papa," baba alisema. "Kile kilima cha upara. Tunafika."

Ningependa sana kumlaumu mzee. Lakini yeye alisema ngoja. Aliyengoja ni mimi. Tukapanda kilima kile, na kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli: mmea ulikuwa pale juu, peke yake. Alipiga makofi. Mimi nilicheka kicheko ambacho sikuwa nimekicheka tangu Goma ianguke.

Niliporudisha sim ilikuwa karibu saa kumi. Ujumbe ukaingia: namba nisiyoijua ilikuwa imenipigia mara tisa. Nikaipigia. Akapokea mwanamke.

"Ule mama aliomba simu yangu, akakuita mpaka akachoka," alisema. "Alikuwa anataka kukuuliza bapitie wapi. Kamiyo ya Butembo ilikuwa inatoka, njo bakapanda, yeye na mama yake."

Nilipiga ukelele. Baba alishika kichwa.

Lori lao lilikwama kwenye mapigano kabla ya Kanyabayonga. Walitembea kwa miguu, mgonjwa akibebwa na watu wasiomjua. Mama mkwe alifia kwenye darasa la shule walimolala wakimbizi, akazikwa hukohuko. Mke wangu alifika Lubumbashi baada ya majuma mengi, kwa kuzungukia Uganda na Zambia, amekonda hata nguo hazimkai.

Matanga yalipoisha tuliketi uani sisi watatu. Aliniuliza bila hasira.

"Ile siku nilikuita mara tisa. Ulikuwa fasi gani?"

Niliona aibu. Nilingoja baba aseme neno. Aliangalia viatu vyake.

"Rezo," nilisema. "Rezo ilikuwa inakosa."

"Nilijua," alisema. "Mama alikuwa ananiuliza juu ya nini haushike simu. Nilimuambia: ule hawezi kuacha simu yake ata dakika moja, ni rezo tu. Na akaamini."

Kisha akanishika mkono, akanipa pole.