Usitikise Antena

Maji yalikuwa yamefika magotini tulipogundua kwamba njia hatuijui tena. Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, dada wa Kipogoro anayenizidi umri, aliyepima mashamba ya mpunga kwa miaka mingi. Asubuhi tuliingia msitu wa kando ya mto, mbele ya kijiji cha Mngeta, kujaribu kipokezi changu cha satelaiti: kompyuta ndogo, antena, na kikasha cha kugeuza mawimbi kuwa tarakimu. Kazi iliyobaki niliiandika mwenyewe kwenye programu. Mvua ilinyesha milimani, mto ukapanda, vijia vikazama. Wingu zito lilificha hata jua. Simu yake ilikuwa imeingia maji. Yangu ilitafuta tu, haikupata kitu.

"Washa hicho chako," akasema. "Si ndicho kilichotuleta?"

Niliegesha kompyuta kwenye panda ya mti. Yeye akainua antena juu ya kichwa. Chini ya majani mabichi, ishara ya satelaiti ni hafifu kuliko kelele inayoizunguka. Kila satelaiti ina msimbo wake. Programu hutengeneza nakala ya msimbo huo, huisogeza kidogo kidogo mpaka ilingane na kilichopokelewa, kisha hujumlisha vipande vingi hadi kilele kitokeze, ishara kwamba satelaiti imepatikana. Antena ikicheza, hesabu inavurugika.

"Usitikise, dada."

Ndipo kiboko akakoroma nyuma ya matete. Karibu kabisa. Kaka yake dada huyu aliuawa na kiboko. Alinisimulia siku moja tukila chakula cha mchana.

"Tuondoke."

"Kidogo tu. Nimepata satelaiti tatu, nahitaji ya nne ndipo tujue tulipo."

"Nakwambia tuondoke!"

"Twende wapi?"

Machozi yalimtiririka, lakini mkono haukushuka. Mimi nikawa nakosea kubonyeza. Ya nne ikapatikana, alama ya tulipo ikatua kwenye ramani katikati ya mto mkuu. Programu ilikuwa imeshika kilele cha uongo kilichozaliwa na kelele. Nikaifuta ile ya nne, nikaipa programu muda mrefu zaidi wa kusikiliza. Kiboko akakoroma tena, na safari hii wimbi likatupiga mapajani. Ikaja ya nne nyingine, kisha ya tano. Programu ikazifuata bila kuziachia, zote tano zikakubaliana. Kwenye ramani, tuta la barabara lilikuwa nyuma yetu. Muda wote ule tulikuwa tunaelekea mtoni.

Tulifuata dira ya simu yangu, isiyohitaji mtandao, tumeshikana mikono, bila kugeuka nyuma. Tulipopanda tuta, aliketi kwenye tope, nami nikaketi kando yake.

"Ile alama ya kwanza," akauliza, "kama ingetua nchi kavu, ungejuaje kwamba ni uongo?"

"Nisingejua."

Akaniwekea antena mapajani. Ofisini tunasalimiana vizuri, na chai tunakunywa pamoja. Lakini porini hajaenda nami tena, na simlaumu.