Hewa ya Mzee Kihara

Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, Waithera hakuwahi kumsikia mumewe akijamba. Mzee Kihara, mkulima wa viazi kule Dundori na mzee wa kanisa, alipohisi tumbo limejaa alichukua jembe akaenda hadi mwisho wa shamba, hata mvua ikinyesha. Watoto wake walikua wakiamini kwamba baba yao anapenda sana kukagua ua wa shamba.

Mwezi wa Mei utumbo wake ulijisokota. Akakimbizwa hospitalini Nakuru, akapasuliwa siku hiyo hiyo, kipande kikakatwa na ncha mbili zikashonwa pamoja. Alipozinduka alikuwa na dripu mkononi, na muuguzi aliyeitwa Nerima alikuwa amesimama kando yake na faili.

"Mzee, umetoa hewa?"

"Hewa gani?"

"Ya chini."

Kihara aligeukia ukuta.

Nerima akamweleza kwa upole kwamba utumbo ukishonwa hulala, na ukiamka huanza kwa kusukuma hewa. Daktari wa wodi ile hakutaka mtu ale chochote kabla ya hapo, kwa sababu tumbo lingeweza kuvimba na mgonjwa akarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Kwenye faili palikuwa na safu ya joto la mwili, ya mapigo ya moyo, na nyingine iliyoandikwa HEWA. Asubuhi na jioni ilijazwa neno moja: BADO.

Kwenye kitanda cha pili alilala Hanif, kijana muuza vitambaa mjini, aliyepasuliwa utumbo siku moja naye. Yeye hakuwa na aibu hata kidogo. Aliwapigia simu jamaa zake wote. "Bado," aliwaambia kwa sauti, "lakini dalili ni nzuri."

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, Waithera alikuja na mchungaji na akina mama saba wa kanisa. Mchungaji akaomba Bwana aifungue njia iliyozibwa. Kihara akatamani kitanda kimmeze. Wakasema amina, wodi ikatulia, na katika utulivu ule ukatoka mlio mrefu, kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Kihara aligeuza kichwa polepole akamtazama Hanif aliyekuwa amelala. Wote wakamtazama Hanif.

Nerima alikuja mbio. "Ni nani?"

"Ni huyu kijana!" akina mama wakajibu, wakapiga makofi.

Hanif akashtuka usingizini. "Nimetoa?"

"Umetoa!"

"Alhamdulillahi!"

Nerima akaandika NDIYO. Mke wa Hanif, Najwa, alikuwa na chupa ya supu tangu juzi. Akamimina kikombe, akapuliza, akakipeleka mdomoni mwa mumewe.

Kihara alikitazama kikombe kile kikipanda. Akakumbuka maneno ya Nerima kuhusu tumbo kuvimba.

"Wacha! Asinywe! Ni yangu!"

"Supu?" Najwa akauliza.

"Hewa. Ile hewa ni yangu."

Hakuna aliyemwamini. "Sista, msamehe," Waithera alisema. "Ni dawa zinamchanganya. Mimi ndiye ninayemjua." Mchungaji alifuta machozi. Alisema hajaona mtu akibeba aibu ya mwenzake namna hii, tena asiye hata wa kanisa lake.

"Mzee, mimi nilisikia mwili wangu mwenyewe," Hanif alisema, akinyoosha mkono kwa kikombe.

Kihara akaona maneno hayatasaidia. Akashika chuma cha dripu, akasimama mbele ya mchungaji na wale akina mama saba, akafumba macho, akasukuma. Mlio wa pili ulikuwa mfupi, lakini ulikuwa wake bila ubishi.

"Mmesikia?" aliuliza.

Nerima alimnyang'anya Najwa kikombe. Akasikiliza tumbo la Hanif kwa kipimo na kulikuta kimya kabisa. Akafuta NDIYO moja na kuandika nyingine. Jioni ile Kihara alipewa uji mwepesi, akaunywa huku amefunika uso kwa shuka. Hanif alimnunia mpaka kesho yake.

Siku ya tano walikuwa wakitembezwa pamoja kwenye veranda, Hanif akiegemea bega la mzee, alipokwama ghafla, macho yamemtoka.

Kihara aliangalia kulia na kushoto. Kisha akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Sista Nerima! Leta faili! Sasa ni yake, mimi ni shahidi!"