Miwani Iliyoogopa Jua

Baba alikuwa mchonga vinyago kwetu Wamunyu, na kazi yake aliifanyia uani, juani kabisa. Alisema mti ukichongwa kivulini unadanganya. Macho yake yalipoanza kufifia, mwishoni mwa miaka ya tisini, wageni waliokuja kanisani kupima watu macho walimpa miwani ya msaada, wakamwambia asiivue mchana kutwa. Labda walimweleza na mengine, ila kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba kiliishia kwenye bei ya twiga.

Mimi nilikuwa chuo kikuu Nairobi, nikijifunza kutengeneza kioo kisichopita motoni. Unachanganya dawa, zinaganda kama uji, unapata kitu nusu kioo nusu plastiki. Ndani yake tulifungia rangi inayokolea ikipigwa na jua na kufifia kivulini. Nilikipenda kioo hicho kuliko watu wengi.

Nilipokuja likizo, baba alikuwa ameshagawa tezo zake za kuchongea na hatoki nje. Alisema amechoka. Nilimwamini, maana mzee ana haki ya kuchoka. Mwaka uliofuata kifua kikamwua.

Baada ya mazishi mama aliniambia siri. Baba alikuwa akiingiwa na giza machoni kila akitoka nje. Wenzake walipomtania kwamba amevaa miwani nyeusi kama makanga wa matatu, alidhani wanaucheka upofu wake. Mimi alinificha nisije nikaacha masomo.

Sikuelewa. Nilichukua miwani yake dirishani, nikaivaa kwa kumkumbuka tu, nikatoka uani nikalie peke yangu. Kaburi likafifia. Twiga wake wa mwisho, asiye na miguu bado, akawa kivuli. Nikanyoosha mkono mbele yangu. Kilikuwa kioo kama changu cha chuoni. Mganga hajigangi, wanasema, na siku hiyo methali hiyo niliichukia.

Mama alikuwa mlangoni, amenikazia macho.

"Kwani hata wewe umeshikwa na giza?"

Nilivua miwani nikamwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi. Nikaifunika kwa leso yake, tukangoja, nikaifunua. Ilikuwa nyeupe. Nikamweleza kwa Kikamba, maneno machache, nikilia kwa uchungu na hasira.

"Kwani hakuwa kipofu?"

"Aiee, mwaitu. Hapana, mama. Alikuwa anaona."

Alikaa chini pale pale kwenye mavumbi, miwani mkononi, ikianza tena kuwa nyeusi.

"Si ningemvua tu," akasema.